Kiti Kisichokaliwa

Mlango ulikuwa wazi, nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga tena, sauti ya kufika hadi jikoni, maana Bukavu nilikokulia mtu haingii nyumba ya watu kama mwizi. Ndani meza ilikuwa imeandaliwa: sahani za udongo, jagi, mkate mzima. Nikajua mwenyewe katoka mara moja, atarudi. Basi nikaketi kwenye kiti cha pembeni, mkoba magotini, nikamngoja. Huwezi kukuta meza ya mtu imeandaliwa kisha ukageuka ukaenda zako. Hayo ni matusi.

Wenzangu walikuwa wametawanyika kutafuta aiskrimu. Parokia yetu ya Stockholm ilikuwa inatupeleka Roma kuhiji, sisi wastaafu, na njiani basi likatupandisha San Gimignano, mji wa kale juu ya kilima. Kiongozi wetu alitueleza habari za minara yake. Matajiri wa enzi hizo walishindana, huyu akipandisha wake, yule akipandisha zaidi, mpaka ikapita sabini. Ikaja tauni, ikafyeka watu. Mji ukafukarika, ukawa chini ya mji wa Firenze, asipatikane wa kubomoa wala wa kujenga upya. "Ndiyo maana umehifadhika vizuri namna hii," alisema, na watu wakapiga picha. Mimi niliguna. Kumbe tunapiga picha msiba wa watu!

Akaja mwanamke mwenye kitambulisho shingoni. Aliponiona nimeketi, akashika kinywa.

"Mama, unafanya nini hapo?" aliniuliza kwa Kifaransa.

"Namngoja mwenye nyumba."

Alicheka, ingawa si kwa ubaya. "Hakuna mwenye nyumba, mama. Hii ni makumbusho. Hata mkate ule ni wa bandia. Na kiti hicho hakikaliwi."

"Tangu lini?"

"Tangu walipokufa."

Niliinuka kama niliyekalia kaa la moto. Aibu nilikuwa nayo tele, lakini si aibu iliyoniinua. Nilikuwa nimekumbuka kiti kingine.

Hicho kiko kwangu Tensta, pembeni mwa Stockholm, chumbani kwa marehemu mume wangu Baudouin. Miwani yake iko mezani, viatu viko chini ya kitanda, koti linaning'inia nyuma ya mlango. Kila Jumamosi nafuta vumbi na kurudisha kila kitu mahali pake. Binti yangu Aurore alinisihi mwaka mzima: "Mama, Emmanuella anaanza chuo, na vyumba Stockholm havipatikani. Mpe mjukuu wako chumba cha baba. Nawe utapata mtu wa kuongea naye." Siku ya safari nilimkata kauli: "Baba yako hajahama." Tukaagana hivyo, kila mmoja na uso wake.

Nilirudi Tensta na jibu jingine. Sikuvua hata koti. Nilimpigia simu nikiwa bado kizingitini.

"Aurore, mwambie mtoto aje. Chumba ni chake."

"Mama, amepata chumba Umeå. Ameshasaini. Anaondoka Jumapili."

"Umeå? Huko kaskazini, kwenye giza lote lile?"

"Ulisema baba hajahama, mama."

Maji yakimwagika hayazoleki. Nililia palepale, sanduku miguuni, na hapakuwa na mtu wa kuniambia hata pole na safari.

Jumamosi Emmanuella alikuja kuniaga. Kwao ni mtoto wa vicheko hadi majirani wanagonga ukuta; kwangu huongea kwa kunong'ona, na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Alipofika mlango wa chumba cha babu yake akasimama, mikono mgongoni, kama nilivyoona wageni wakisimama kwenye makumbusho kule Italia.

"Ingia," nikamwambia. "Kaa pale."

"Kwenye kiti cha babu?" Alinijibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake, akinitazama kama niliyepandwa na homa. "Hapana, Mormor," alisema; ndivyo Waswidi wanavyomwita bibi mzaa mama. "Kile hakikaliwi."

"Nani kakwambia?"

"Wewe."

Nilimshika bega, nikampeleka, nikamkalisha. Alikaa ukingoni, tayari kusimama. Kiti kikatoa mlio kwa uzito wake, sauti ambayo nilikuwa nimeisahau kabisa. Nami nikatoka nje ya chumba, nikaurudisha mlango nusu.

"Hodi," nikasema.

Kimya. Nikaogopa.

"Hodi humu ndani!"

"Karibu," alisema, safari hii kwa Kiswahili. "Karibu ndani, Mormor."

Nikaingia. Kiti kilikuwa kimoja tu, basi nikaketi kitandani, na visigino vyangu vikagusa viatu vya Baudouin.