Mafuta Yaliyoachwa Yapoe

Kwenye mashine ya mawese ya Eugène, kule Lubondja, kulikuwa na sheria iliyomzidi Eugène mwenyewe umri: ngazi, yaani matunda ya mchikichi, zikishachemshwa na kumwagwa ndani ya mashine, mti wa kusukuma hausimami. Bamama wanauzungusha kwa vifua na mikono mpaka mafuta yote yatoke. Hata ukiletewa habari ya msiba, unamaliza kwanza ndipo unalia. Ngazi zikipoa zinashikilia mafuta yao kama mtu mwenye kinyongo, na kazi yote tangu alfajiri inakuwa bure.

Sheria ya pili ilikuwa tamu. Kabla ya kusukuma, wote walikunywa uji wa mahindi na mtama kutoka sufuria moja, na uji huo aliutoa Eugène.

Ni katika uji huo alimoanza kutia unga wa kopo. Kopo alilinunua sokoni Baraka, lina picha ya simba na majani mabichi. Akasema ni vitamini ya majani, inaongeza nguvu. Na kweli, siku za kwanza mti ulizunguka kama unajisukuma wenyewe. Florentine, ambaye mdomo wake haujui likizo, akasema, "Bamama, mi nikirudia nyumbani hivi, muzee wangu atahamia kwa mama yake!" Wakacheka mpaka machozi.

Adolphine, aliyesukuma pamoja nao, naye alicheka. Lakini jicho lake lilikuwa kwa Rosette, muke wa mwanawe Wilfried. Rosette alikuwa ananyonyesha, na alizoea kutafuna makasu akiwa kazini, zile kokwa chungu za kufukuza usingizi. Hakuna aliyemwambia aache. Watu wa huku wanajua vidonge vya hospitali vina kipimo. Majani na kokwa, unatumia tu. Basi vidole vya Rosette vikaanza kutetemeka akifunga kitenge cha kubebea mutoto. Mutoto mwenyewe, Iteka, aliyekuwa analala kama kifurushi cha muhogo, akawa anakodoa macho mpaka kunakucha. Jumapili moja, wakitoka kanisani, Rosette alishika kifua akakaa chini barabarani.

Nicolas, muuguzi wa kituo cha afya, alimpima, akauliza anakula nini, akaomba aletewe lile kopo.

"Hii majani inachapa moyo," alisema. "Na makasu inachapa moyo uleule. Tena inapita mu maziwa, ndiyo maana mutoto halali. Mama, ukipiga ng'ombe fimbo atakimbia, lakini hujamupa nyasi. Uache vyote viwili."

Rosette aliacha makasu siku ileile. Eugène, mudogo wa marehemu mume wa Adolphine, akaapa mbele ya bamama wote: "Kopo nimetupa, shemeji. Uji iko uji tu."

Wakamwamini. Wakanywa, ngazi zikamwagwa zikitoa moshi, mti ukaanza kuzunguka.

Mafuta yalikuwa yameanza kushuka, mekundu na mazito, Rosette aliposema kwa sauti ndogo, "Mama, inaanza tena."

Adolphine aliweka kiganja kwenye kifua cha Rosette. Moyo ulikuwa unakimbia kama kuku anayefukuzwa uani. Hapo akakumbuka uchungu aliousikia kwenye ncha ya ulimi asubuhi, akausingizia mtama.

"Florentine, we uko karibu na sufuria. Angalia ndani, pale chini."

Florentine akainama, akapitisha kidole, akakiinua juu. Kilikuwa na matope ya kijani.

"Musimame," Adolphine akasema.

Mti ukasimama. Eugène akaja mbio, kofia mkononi.

"Shemeji! Ngazi iko ya moto! Mafuta itakufa!"

"Ikufe."

"Niliweka kidogo tu! Ni majani! Hata mboga ya lenga-lenga tunakula kila siku ni majani!"

"Hata bangi iko majani. Utatupikia nayo, na batoto wananyonya?"

"Papa Eugène," Florentine akadakia, "kunywa iliyobaki, kisha usukume peke yako. Sisi tutakuimbia."

Eugène hakucheka. "Anayeacha mti leo, kesho asifike hapa."

Adolphine alipanda akakaa juu ya mti wenyewe, kwa uzito wake wote wa bibi aliyezaa na kulima, akamvuta Rosette akae kando yake. Florentine akakaa. Kisha mwingine, na mwingine, mpaka mti ukajaa vitenge kama kamba ya kuanikia nguo.

Mafuta yalipungua, yakawa matone, yakakoma. Moshi wa ngazi ukaisha. Eugène alizunguka mashine yake, akaugusa mti, akauacha. Bamama wote walimwangalia, wala hakuna aliyeinuka.

Adolphine hakutoa mkono kwenye kifua cha Rosette. Alingoja bila haraka, kama mtu anayengoja maharage yaive, mpaka moyo ule ukaacha kukimbia, ukaanza kutembea.

"Lete kopo," alisema.

Eugène alilitoa chini ya gunia, akampa. Adolphine akashuka, akamwaga unga wote majivuni.

"Sasa washa moto upya, shemeji, tuchemshe hizi ngazi mara ya pili. Kitakachotoka kitatoka. Rosette anaenda kulala. Na uji, kuanzia kesho, tutapika sie benyewe."