Hatua za Marehemu

Mumewe alikuwa na miezi mitatu kaburini, na kila asubuhi alitembea.

Ndivyo ilivyosema simu yake. Bibi Mizani, jina alilopewa na wenye maduka kwa miaka thelathini ya kukagua mizani zao bila kusamehe gramu, alitoka nyumbani na simu mbili. Ya mfuko wa kushoto ilikuwa yake, ina wiki mbili. Ya kulia ilikuwa ya marehemu.

Mishipa ya damu ya miguu ya mzee ilikuwa inaziba. Hospitali ikamkabidhi kwa mkufunzi, binti aliyefundisha kwa simu: tembea mpaka kigimbi kibane, pumzika, tembea tena. Simu inahesabu, mkufunzi anasoma. Mzee alijaribu siku nne. Kila siku alihesabu hatua mia mbili na kumi na mbili mpaka geti la kiwanda cha uchapaji, akashika ukuta, akageuka.

"Kigimbi kinaminywa na koleo, mke wangu."

"Koleo! Mvivu hakosi udhuru."

"Basi nitembezee wewe. Simu itajua ni nani aliyeibeba?"

Bibi Mizani alicheka, akaitia mfukoni. Yeye aliyefungia watu maduka kwa jiwe la mizani lililokwanguliwa chini, alibeba kipimo cha uongo miezi minane. Ripoti zilipendeza. Daktari alizisoma, akasogeza mbele tarehe ya uchunguzi. Kidole kikawa cheusi, kisha unyayo. Mzee alifia hospitali nyingine, iliyo jirani, na hakuna aliyemwarifu mkufunzi. Mjane naye hakusema. Aliendelea kubeba simu, na kila alipoulizwa, mzee alikuwa bafuni. Wiki mbili zilizopita miguu yake mwenyewe ilianza kuuma, naye akaandikishwa kwa mkufunzi huyohuyo.

Asubuhi hiyo, kwenye geti la kiwanda, kigimbi chake kilibana. Aliegemea ukuta. Kiganja chake kiliangukia doa la jasho kwenye rangi, kimo cha mwanamume. Alikuwa amehesabu: mia mbili na kumi na mbili.

Nyuma yake kiatu kilikuwa kinaburuta. Aliposimama, nacho kilisimama. Aligeuka, njia ilikuwa tupu. Akafanya kama mkaguzi anavyofanya akishuku, akapima tena: hatua tano, masikio wazi. Kiatu kilichoburuta kilikuwa chake. Mwendo ndio ulikuwa wa mzee.

Simu ya kushoto ikalia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee yuko wapi? Bado bafuni? Huyo atatoka na magamba ya samaki!" Mkufunzi alicheka, kisha akashusha sauti. "Mama, daktari wa mishipa ana nafasi moja kesho. Wewe una rekodi ya wiki mbili tu, siwezi kumwonyesha mguu wako unaziba kwa kasi gani. Utasubiri miezi mitatu. Mzee ndiye ananitia hofu. Alikuwa hatua elfu mbili na mia nane, sasa mia tisa. Nafasi nampa yeye."

Bibi Mizani alitazama kidole gumba cha mguu wake kwenye kiatu cha wazi. Ukucha ulikuwa na rangi aliyowahi kuiona.

"Mzee amekufa."

"Nini? Lini?"

"Huu ni mwezi wa tatu tangu azikwe."

"Mama, jana katembea hatua mia tisa."

"Nimetembea mimi. Zote ni zangu, isipokuwa za siku nne za mwanzo."

Vidole vilisikika vikibonyeza. Vikaacha.

"Siku nne aligeuka kwenye mia mbili na kumi na mbili," mkufunzi alisema polepole. "Ya tano akapiga elfu mbili. Nilimpongeza."

"Ulimpongeza. Nilimsomea ujumbe wako, akautazama mguu wake."

"Daktari aliniuliza mimi kama tarehe isogezwe."

Hakuna aliyemwambia mwenzake pole. Mwishowe mkufunzi alisema, "Nahamishia hatua zako zote kwenye rekodi yako. Mguu ambao hatua zake zinashuka hivi hausubiri. Nafasi ni yako, mama, kesho saa mbili asubuhi. Leo usiendelee. Rudi nyumbani taratibu, ukibanwa simama."

Simu ya kulia ilitikisika. Aliitoa: kwenye chati ya hatua za kila siku, mistari yote mirefu ilikuwa imefutika. Mzee alibakiwa na minne, mifupi, yenye kimo kimoja.

Aligeuka kurudi, akihesabu kwa sauti. Alibanwa mara mbili, mara mbili akasimama, na kiatu kikasimama naye. Mlangoni alifika kwenye mia mbili na kumi na mbili. Mzee hakuwa amepunja hata moja.