Utepe wa Ng'ombe Alma

Kwa miaka mingi Kassian aliwacheka wapanda baiskeli za umeme. Walipopita mbele ya ua wake kuelekea mlimani, aliegemea uzio akawauliza kama na mlima wenyewe wameuchaji. Wengi walipita bila kumjibu, na hilo lilimuudhi zaidi. Lakini mdomo ni jumba la maneno, na siku huja mtu akarudishiwa yake.

Siku hiyo ilikuja mwisho wa Septemba. Jirani yake Ruppert, anayekodisha baiskeli hizohizo na aliyekwisha kumeza kejeli nyingi, alisimama uani ameshika moja.

"Panda, mzee. Haiumi."

"Ulikuwa unaisubiri siku hii, mshenzi wewe."

"Niliisubiri sana. Au nikupakie kwenye ile kamba ya waya inayovuta mizigo mlimani, upande juu na magunia ya chumvi?"

Kassian hakucheka. Kesho yake asubuhi ng'ombe wake wangeshushwa kutoka malisho ya juu. Huko Tiroli, kwenye milima ya Austria, ng'ombe hushuka na mataji ya maua kichwani, kijiji kizima kikitazama. Nyumba iliyofiwa mwaka huo haiwaviki ng'ombe wake maua. Ng'ombe anayetangulia hufungwa utepe mweusi, na wa kuufunga ni mwenye nyumba.

Na nyumba ya Kassian ilikuwa imefiwa. Mkewe Kreszenz alifariki mwezi Machi, na kesho yake Kassian mwenyewe akaanguka kwa kiharusi. Mkewe alizikwa Kassian akiwa kitandani hospitali, hajitambui. Hakuliona jeneza wala hakutupa udongo kaburini. Utepe ule ndio mazishi pekee aliyobakiwa nayo. Binti yake Notburga, aliyechunga ng'ombe huko juu kiangazi chote, alimpigia simu kwamba angeweza kuufunga yeye. Kassian alimjibu neno moja, hapana, akakata.

Ila kule juu gari halifiki, na mguu wake wa kulia ulikuwa unaburutika. Mkono wa kulia ndio uliokufa kabisa.

"Gia zinajibadilisha zenyewe," Ruppert alimweleza. "Humu ndani mna kitu kinachosikia unavyokanyaga. Ukilemewa, kinakupa gia nyepesi. Ukichangamka, kinakupa nzito. Hakuna cha kubonyeza. Breki zote mbili nimekuunganishia mkono wa kushoto. Kazi yako ni kukanyaga na kunyamaza."

"La kukanyaga nimelikubali."

"Na pale penye mwinuko mkali, kwenye ule msalaba wa kando ya njia, usisimame. Unanisikia? Nije nawe?"

"Siendi kumzika mke wangu nimeshikwa mkono kama mtoto."

Akaondoka. Mwanzoni alijikaza kama mtu aliyepanda farasi wa wizi, akiogopa hata kukohoa. Njia ilipoanza kuinuka, alisikia mlio mdogo nyuma yake, na pedali ikawa nyepesi kabla hajaomba. Njia ikainuka zaidi, pedali ikalegea tena. Alimkumbuka Kreszenz. Naye alikuwa hivyo. Hakukuuliza kama umechoka, alikupokonya ndoo tu akaendelea na safari. Kassian akamhisi karibu sana, akazidi kukanyaga.

Alifika kwenye msalaba wa mbao, pale njia inapokaribia kuwa ukuta. Onyo la Ruppert alikuwa nalo kichwani. Lakini tangu utotoni hajawahi kuupita msalaba ule bila kusimama na kuvua kofia, na mkono haungoji ruhusa ya kichwa. Akafunga breki, akasimama. Kisha mkono wa kushoto, ule mmoja mzima, ule wenye breki, ukapanda kwenye kofia.

Baiskeli ikarudi nyuma, ikamwangusha kwenye majani na kumlalia mguu. Alijaribu kuisukuma, haikusogea. Alipapasa mfukoni, utepe ulikuwapo. Hapo akalia, kwa hasira kuliko kwa maumivu. Alimkosa Kreszenz Machi, na sasa angemkosa tena kwa sababu ya kofia.

Mwanamke wa makamo alitokea chini, naye juu ya baiskeli ya umeme. Alishuka, akamwondolea ile baiskeli mguuni.

"Umeumia, baba?"

"Sijaumia. Nimeaibika."

Mwanamke akamtazama vizuri. "Wewe si yule wa kwenye uzio?"

"Ndiye mimi."

"Vipi, mlima umeuchaji?"

Kassian akacheka, machozi bado mashavuni. Akamwambia anakokwenda, anakwenda kufanya nini, na jinsi kofia ilivyomwangusha. Mwanamke aliacha utani. Aliikamata baiskeli kwa mikono miwili, akasema, "Basi vua kofia yako sawasawa. Baiskeli nimeishika mimi."

Alivua kofia mbele ya msalaba, akainamisha kichwa, akaivaa tena. Kisha akapanda, mwanamke akimshikia baiskeli kwenye kiti.

"Hapa siwezi kuanza. Ruppert alisema."

"Kanyaga tu. Imeshajishusha gia yenyewe uliposimama."

Akakanyaga, ikaondoka.

Notburga alikuwa anakamua alipoiona ile kofia ikichomoza kwenye ukingo wa malisho. Aliiacha ndoo hapohapo.

"Baba, umefikaje?"

"Kwa baiskeli ya wavivu," Kassian alisema. "Niletee Alma."

Alma aliletwa, ng'ombe anayewatangulia wenzake, aliyenyonyeshwa chupa na Kreszenz mwenyewe. Kassian akautoa utepe, akauzungusha kwenye pembe, akashika ncha moja kwa mkono wa kushoto. Nyingine ikaanguka. Akajaribu kwa meno, ikateleza. Njia nzima alifikiria gia na breki, na hakufikiria hata mara moja kwamba fundo linataka mikono miwili.

"Nipe nifunge, baba."

"Kazi hii ni yangu."

"Najua ni yako."

Notburga hakuuchukua utepe. Aliokota ile ncha iliyoanguka, akaishika kwa mkono wake wa kulia, na wa kushoto akauweka mgongoni ili usimsaidie. Wakapitisha ncha moja juu ya nyingine, polepole, kila mtu na mkono wake mmoja, Alma ametulia tuli.

"Sasa vuta," Notburga alisema.

Kassian akavuta. Fundo likakaza, naye akaegemeza paji la uso kwenye shingo ya Alma, akamuaga mkewe.