Waya Uliopindwa

Fundi alikuwa na macho makali ya mbali. Aliweza kumwambia mtu wa ng'ambo ya barabara kwamba boliti ya stendi yake imelegea. Ila kitu kikisogezwa karibu na pua yake kiligeuka ukungu mtupu, na miwani hakutaka hata kuisikia, eti inamfanya afanane na karani wa mirathi. Ubishi huo ndio uliompatia mke. Siku hiyo alikuwa akipanga taimingi, yaani wakati wa valvu kufunguka na kufungwa, kwenye pikipiki ya dada mmoja aliyependa mbio kuliko chakula, akakwama kwenye zile tarakimu ndogo za sahani ya digrii. Yule dada, amechoka kusubiri, akainama akamsomea. Tangu hapo hakuna injini iliyofungwa katika gereji ile bila mmoja kuzungusha na mwingine kusoma.

Kwenye mashindano walimwita Mama Vumbi, maana wenzake waliokuwa nyuma walilijua vumbi lake kuliko sura yake. Yeye alimwita mumewe Fundi, kama watu wote. Akimwita "mume wangu", Fundi alijua kimenuka.

Msimu uliopita Mama Vumbi alianguka. Pikipiki ilimtupa konani, mfupa wa bega ukavunjika, na kwa siku kadhaa kichwa chake hakikuwa chake. Mfupa uliunga, kichwa kikarudi, na sasa alikuwa ameleta nyumbani kemshafti mbili mpya za mbio, amezikumbatia njia nzima. Kemshafti ndizo zinazozunguka juu ya injini zikisukuma valvu zifunguke. Hizi zilikuwa na matuta marefu kuliko za zamani. Injini ingevuta pumzi ndefu zaidi, na Mama Vumbi angekwenda mbio zaidi. Fundi alizipokea, akazisifu, akazilaza juu ya kitambaa safi. Moyoni alitamani zingepotea njiani.

Asubuhi ya kuzifunga, mama mkwe alifika, akamkosa binti yake. Fundi akasimama haraka, mikono yenye grisi ikiwa nyuma.

"Shikamoo mama. Karibu ukae."

"Marahaba, mwanangu." Hakukaa. Alizitazama zile kemshafti. "Hizi ndizo za kumwongezea mbio?"

"Ndiyo mama."

"Mimi na wewe hatuna ugomvi. Mtoto wangu umemtunza. Ila hospitali nililala naye mimi, akawa ananiuliza mimi ni nani." Akajifunga vizuri mtandio wake. "Anayeendesha ni yeye. Lakini anayezifunga ni wewe."

Akaaga, akaenda zake. Maneno yake yalibaki pale gerejini siku nzima, yakimfuata Fundi kila alipogeuka.

Na hapa ndipo yule bwana, mtu mzima mwenye akili zake, alipopata wazo la kijinga. Sahani ya digrii ni bapa la duara lenye tarakimu ukingoni, nalo hufungwa kwenye ncha ya kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni. Pembeni yake kuna waya uliokatwa kwenye henga ya nguo, umebanwa kwenye mwili wa injini, ncha ikielekea kwenye tarakimu. Pistoni ikifika juu kabisa, waya unawekwa kwenye sufuri. Vipimo vyote vinavyofuata vinauamini waya huo.

Alasiri waliipata sufuri pamoja. Mama Vumbi akaingia ndani kuchukua chai. Fundi akausukuma waya kwa kidole gumba, digrii sita, basi. Valvu za kuingiza zingewahi kufunguka. Injini ingevuta kwa nguvu ikiwa polepole, kisha kule juu, kwenye mwendo wa kuvunja watu mifupa, ingeishiwa pumzi. Na hata katika uongo wake alibaki fundi: alikuwa ameshabandika udongo wa kuchezea watoto juu ya pistoni na kupima, akajiridhisha kwamba valvu hazitagonga.

Mkewe akarudi na vikombe viwili, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akainama mahali pake pa siku zote. Fundi akazungusha kranki kwa spana, akalegeza boliti za sproketi, lile gurudumu la meno la kemshafti, akaisogeza kemshafti kidogo, akazungusha tena mpaka valvu ikafunguka kabisa.

"Mia moja na saba," akasoma.

"Rudia."

"Mia moja na saba, Fundi. Kama walivyoandika kwenye karatasi ya kemshafti." Akamtabasamia, kwa sababu "rudia" hiyo alikuwa akiisikia tangu uchumba. Fundi akakaza boliti huku akiangalia pembeni.

Kesho yake asubuhi Mama Vumbi akaitoa pikipiki kwenda kuijaribu. Fundi alifagia gereji iliyokwisha kufagiwa. Mkewe aliporudi, alizima injini lakini hakushuka. Alivua helmeti, akaipakata.

"Ikoje?"

"Chini inavuta vizuri mno." Akageuza uso. "Mume wangu."

Fundi akauegemeza ufagio ukutani.

"Nikwambie kitu, usicheke."

"Sicheki."

"Huko juu haiendi. Na si injini, maana namba nimesoma mwenyewe. Ni mimi. Mkono umeogopa. Nadhani nimevuta mafuta yote, kumbe nimeyazuia bila kujua. Tangu nilazwe nilikuwa na wasiwasi kwamba kuna kitu hakikurudi. Leo nimekiona." Akafuta kioo cha helmeti kwa mkono wa koti. "Tuiuze tu. Nimechoka kujidanganya."

Alisema kwa utulivu, na utulivu ule haukuwa wake. Basi Fundi alikuwa amepata alichokitaka, tena bila jasho. Mke angekaa nyumbani, mama mkwe angelala usingizi, na hakuna ambaye angejua kitu. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza, kazi aliyokuwa anaiweza sana.

Kisha akamwona mkewe ameuinua mkono wake wa kulia, anaukunja na kuukunjua, akiuchunguza mbele na nyuma kama spana iliyoanza kuteleza. Hapo roho ilimuuma akashindwa kuvumilia. Alikwenda kwenye kopo la takataka za kazi, akautoa ule waya, akamwekea kiganjani.

"Mkono wako mzima," akasema. "Nilipinda waya."

"Ulipinda nini?"

"Waya. Ulipokwenda kuchukua chai. Wewe ulisoma sawasawa. Mimi ndiye niliyekudanganya, ili isikimbie."

Mama Vumbi aliugeuza waya kiganjani. Injini ilikuwa ikipoa, ikitoa milio midogo.

"Mama alikuja hapa, sivyo?" akasema.

"Mama alikuja kukujulia hali. Kidole kilichoupinda waya ni changu."

"Nimelia njia nzima, unajua? Ndani ya helmeti. Nimejizika mwenyewe, nikajiwekea na matanga."

"Nisamehe."

"Bado." Akashuka, akasimama mbele yake. "Unaogopa?"

"Sana. Ukitoka hapo getini mimi sili kitu mpaka nisikie mlio wako unarudi."

"Na mimi naogopa. Kila kona naogopa, na sijamwambia mtu. Ungesema tu, mume wangu. Tungeogopa wote wawili. Wewe umeniacha niogope peke yangu."

Fundi alitaka kumshika, akakumbuka mikono yake ina grisi, kisha akamshika hivyo hivyo. Mkewe akamwachia kichwa begani, akakaa hapo kidogo. Halafu akajitoa, akaingia ndani, akarudi na kile kiboksi cha miwani ambacho Fundi alidhani kimeshapotea.

"Vaa."

"Hiyo inanifanya..."

"Vaa, karani wa mirathi. Leo nazungusha mimi. Wewe utasoma."

Walisubiri injini ipoe, wakafungua kifuniko. Sufuri aliitafuta Mama Vumbi mwenyewe. Akaufunga waya mwingine, akaupapasa kwa kidole kutoka mwanzo hadi ncha, akarudia kuupapasa. Fundi aliliona hilo na lilimchoma, lakini hakulalamika, kwa kuwa alijua amelitafuta. Akaketi kwenye ndoo. Kwa miwani ile aliona vitu vya karibu alivyokuwa amevizoea bila kuviona: kovu jembamba kwenye shingo ya mkewe, mvi mbili juu ya sikio, na mkono wa kulia umeshika spana, umetulia kabisa.

Mama Vumbi akalegeza, akasogeza, akazungusha mpaka valvu ikafunguka yote.

"Soma."

Tarakimu zilikuwa wazi. Fundi aliona kwamba akiitaja namba ile atakuwa amempa mbio zote kwa kinywa chake mwenyewe, kona zote na vumbi lote, na yeye kubaki getini na njaa yake.

"Mia moja na saba."

"Rudia."

"Mia moja na saba," akasema Fundi.

Mama Vumbi akakaza boliti.

"Asante, Fundi," akasema.