Sikio la Kulia la Bibi Redempta

Sikio la kushoto la Bibi Redempta lilikufa mwaka juzi, wala hakulililia sana, maana ndilo lililokuwa upande wa wifi yake kanisani. Lakini mwezi wa saba huu, baridi ilipolishika la kulia likavimba na kutoa maji, utani ulimwisha. Daktari wa mjini Singida alilichungulia kwa kitochi, akamwandikia sindano saba, asubuhi saba mfululizo, achomwe zahanati ya kijijini.

"Ukiruka hata moja, bibi, usinilaumu. Lifunike vizuri. Na pikipiki usipande, upepo utalimaliza."

Basi ikawa ni miguu, saa nzima kwenda, njia nyembamba yenye miiba huku na huku, na upepo ule wa Singida usiojua mzee wala mtoto.

Siku ya kwanza alivaa kilemba chake cha kanisani. Kilisimama kichwani kwa heshima zote, kikayaacha masikio nje kama mikono ya sufuria. Siku ya pili alijifunga kanga. Hajafika darajani upepo ukamvua, akaikimbiza kama kuku. Siku ya tatu na ya nne alivaa mzula wa sufu wa marehemu mumewe, ambao ulikuwa umelegea kama mwenyewe alivyokuwa siku zake za mwisho. Kila hatua kumi unapanda juu, kila hatua kumi anaushusha. Usiku ule sikio lilimpiga kama ngoma, akajua mchezo umekaribia kuisha.

Alfajiri ya siku ya tano Aneth, mkewe Nathan mwanawe, alimletea kofia nyeusi ya kininja, ile ya kufunika kichwa chote na kubakiza macho.

"Mama, vaa hii ya Nathan."

"Si ya majambazi hii?"

"Ya bodaboda, mama."

"Ndio hao hao," akasema, akaivaa.

Lo! Joto likalikumbatia sikio. Ila dunia nayo ikanyamaza kimya. Midomo ya Aneth ilicheza bila sauti. Bibi akafunga vichupa vyake vitatu vya dawa vilivyobaki kwenye pindo la kanga, akaitupia kanga mabegani, akaondoka. Ilimpasa awahi, maana nesi angefunga saa mbili kwenda kuchanja watoto kijiji cha pili.

Alipovuka daraja, jua lilikuwa linachomoza mgongoni kwake, na kivuli chake kilimtangulia njiani, kirefu. Kisha vivuli vikawa viwili.

Cha pili kilikuwa na panga.

Bibi Redempta hakugeuka. Wiki mbili nyuma mama mmoja alinyang'anywa simu kwenye njia hii hii. Akaongeza mwendo, kivuli kikaongeza. Akapunguza, nacho kikapunguza. Mwizi gani huyu anayesubiri zamu yake? Akaanza kukimbia mbio za kizee, zile za kupanda na kushuka mahali pamoja.

Ghafla kivuli kikatoweka. Mtu akapita kwa ndani ya miiba, amejifunika uso kwa koti, akatokea mbele yake hatua thelathini, akainama, akaweka kitu cheupe katikati ya njia. Halafu akakimbilia nyuma ya kichaka.

Bibi akasimama kama kigingi. Kitu kilichowekwa njiani na mtu aliyeficha uso, nani asiyekijua? Hakirukwi, hakiokotwi. Kurudi, sindano imempita. Kuzunguka, miiba. Na yule bado yupo kichakani au ameondoka? Asingeweza kujua, maana hasikii kitu. Njia ilikuwa moja tu. Akahesabu moja, mbili, akavua kofia.

Upepo ukaingia sikioni kama msumari. Machozi yakamtoka. Akasikia majani yakivuma, kisha, nyuma ya kichaka, kikohozi. Mara tatu. Kimya. Tena mara tatu.

"Uwiii!" akasema. Kikohozi kile anakijua. Alikuwa Mughwai, mume wa binti yake Martha, anakwenda na panga lake kwenye mizinga yake ya nyuki.

Kwao mkwe hakutani na mama mkwe uso kwa uso. Akimwona njiani hukohoa, mama akajitenga kando, mkwe akapita akitazama pembeni. Hamwiti, hampi kitu mkononi. Likiwapo la lazima, huuambia mti au kichaka kilicho karibu.

"Wewe kichaka," Mughwai akaita, "mwambie mama dawa zake zilidondoka darajani. Ndizo hizo kwenye kitambaa."

Bibi akapapasa pindo la kanga. Tupu.

"Kichaka, mwulize huyo, ameanza kukohoa saa ngapi?"

"Tangu darajani. Mwambie kifua kinaniuma."

"Mwambie akilete zahanati, tupange foleni wote."

"Kichaka we, mwambie mama avae kofia! Sikio!"

Akavaa, akaokota vichupa, akakimbia kweli sasa. Nesi Catherine alikuwa ameshika kufuli mkononi.

"Shikamoo bibi. Limepigwa na upepo?" aliuliza baada ya kumvua kofia.

"Marahaba. Kidogo."

"Kidogo!" Nesi akalichungulia sikio, akakunja uso. Alichoma sindano. "Siku ya mwisho nitalipima. Tumwombe Mungu."

Siku mbili zilizobaki Bibi alivaa kininja, na Mughwai akatembea mbele yake hatua ishirini bila kugeuka, ili mama amfuate kwa macho badala ya kutegemea sikio. Sikio liliendelea kupiga ngoma njia nzima.

Siku ya saba, baada ya sindano, Nesi alimvua kofia, akasimama nyuma yake, akanong'ona: "Bibi, una wajukuu wangapi?"

Bibi akatazama ukutani.

"Bibi, una wajukuu wangapi?"

Kimya. Nesi akashusha mabega, akaja mbele akiwa na macho ya msiba, akamshika mkono.

"Kumi na wanne," akasema Bibi Redempta. "Nilikusikia mara ya kwanza, mwanangu. Nilikuwa nawahesabu."