Mkuki Mlangoni

"Kamati ya Tamasha la Filamu inawatangazia watazamaji wote kwamba viti vya plastiki vya safu ya mbele ni vya kukalia, si vya kuwekea miguu."

Tangazo hilo nililisoma mimi, katika ukumbi wa Maisaka, mchana, mapazia yakiwa yamefungwa. Kwa kuwa nafundisha fasihi na kunyamaza hunishinda, niliongeza kwamba katika filamu kila kitu kina maana mbili: ile inayoonwa na jicho, na ile anayoiongeza mtazamaji. Wakapiga makofi kwa adabu.

Filamu ilikuwa ya Brayson, kijana wa Bagara. Aliipiga picha huko Bonga, nyumbani kwa Olais, mfugaji aliyehamia mjini kutoka Simanjiro. Olais alikuwa mnadani; mkewe, Naini, aliombwa aketi ndani, atunge shanga na kuimba. Kamera ilibaki nje. Mlango uliofungwa ulionekana mkavu machoni pa Brayson, akachukua mkuki alioununua kwa wauza vinyago, akauchomeka mbele ya kizingiti. Jua la jioni likaung'arisha. Naini, akiwa ndani, hakuuona.

Aliuona ukumbini, pamoja na sisi sote. Picha ilikawia ukutani: mlango, mkuki, sauti ya mwanamke. Kwa Brayson, hilo lilikuwa pambo. Kwa wafugaji waliojaa nyuma, mkuki wa mgeni mlangoni humwambia mwenye nyumba jambo moja tu: ndani kuna mwanamume, pita zako.

"Baba Gidion!" mtu aliita gizani. "Leo unalala kwa nani?"

Kicheko kilivuka safu zote. Olais hakugeuka.

Nje, Brayson alimkimbilia. "Shikamoo, mzee. Lile lilikuwa pambo tu."

"Marahaba. Kalichomeke mlangoni kwa mama yako."

Naini alimshika mumewe mkono. "Baba Gidion, mkuki wenyewe wa dukani. Hata mbuzi haujawahi kumtisha."

"Najua, Mama Gidion."

"Sasa?"

"Mimi najua. Waliocheka ndio nitakaowakuta mnadani."

Akawakuta. Kila Jumamosi walimwuliza kama mgeni ameshaondoka. Akaacha kwenda mnadani, kisha akaacha kula alichopikiwa, hakupiga, hakufoka. Nimesoma vitabu vingi juu ya ukimya na hakuna kilichonisaidia.

Kabla ya kurudi kwa baba yake na mtoto mgongoni, Naini alipita shuleni. Hakuketi.

"Mwalimu, wewe ndiye uliyesema watazamaji huongeza. Waambie wapunguze."

Nililifikisha ombi lake mbele ya kamati. Tulijadili kwa kirefu, chai ikapoa, mjumbe mmoja akauliza kama mkuki ulikuwa na kibali. Hatimaye iliazimiwa, bila kura ya kupinga, kwamba filamu itaonyeshwa tena kwa maombi ya wengi, na kwamba chini ya picha ile yaandikwe maneno, kwa herufi kubwa zinazosomeka hadi safu ya nyuma: HUU NI MKUKI TU.