Kadi Isiyochemka

Muuzaji alirudia kwamba kadi ile haichemki, na kila aliporudia, aliyechemka ni mimi.

Nilikuwa dukani na Kapteni, kiongozi wa timu yetu ya gemu, mtu mwenye vidole vyepesi na mdomo mwepesi kuliko vidole. Timu nzima huniita Wakili kwa sababu sikubali kufungwa bila kukata rufaa. Kadi ya picha ya kompyuta yangu, ile inayochora kila kinachoonekana kwenye skrini, ilikuwa imeungua, na mashindano yalikuwa yanabisha hodi. Akiba yangu ilitosha kadi moja. Nikikosea, imekula kwangu.

Muuzaji alikuwa ameweka mbili juu ya kaunta. Kubwa ilikuwa na feni tatu na uzito wa tofali, nayo ilishushwa bei kwa sababu toleo jipya limeshatoka. Ndogo haikushushwa hata senti. Ukilinganisha bei na kasi, kubwa ilikuwa kama ya kupewa bure, na Kapteni akaniuliza hapo kuna kesi gani tena, nichukue twende.

Niliitaka kweli. Muuzaji aliichomeka kwenye kompyuta ya duka, akafungua gemu zito kuliko yote aliyokuwa nayo, na picha zikateleza kama mafuta. Akanionyesha joto la kadi kwenye skrini, digrii sitini na kitu, akanishika mkono ili nipapase mwenyewe.

"Baridi kama mochwari, bosi. Haichemki hii."

Kweli haikuchemka. Ila niliposogeza kiganja nyuma ya kasha la kompyuta, pale hewa inapotokea, nikahisi kama nimesimama nyuma ya basi lililowashwa. Mle dukani hakuna aliyejali, maana kiyoyozi kilikuwa juu ya vichwa vyetu kinameza kila kitu.

Kwetu hakuna kiyoyozi. Kuna chumba kimoja cha kazi, nacho nakigawana na dada yangu, fundi cherehani. Dirisha ni moja na linatazama ukuta wa jirani. Soketi ziko upande mmoja tu, kwa hiyo mgongo wa kompyuta yangu unaelekea meza yake, na yeye tayari ana pasi inayowaka kutwa. Kadi yangu ya zamani nayo ilikuwa jitu la kula umeme. Siku moja, akimalizia gauni la bibi harusi, tone la jasho lilimdondoka kidevuni likatua kifuani pa satini nyeupe. Satini haisamehe tone. Mteja alilikataa gauni mlangoni, kisha akatangaza mtaa mzima kwamba fundi yule anamwagia nguo za watu jasho. Dada hakunilaumu. Alijifunga taulo kichwani, akalifumua gauni likawa foronya, akaendelea kushona.

Nikamwambia muuzaji kwamba kadi yake inakula wati mia tatu na zaidi, na umeme huo ukishaliwa hauendi mbinguni, unatoka kwa nyuma ukiwa joto tupu. Feni zile haziui joto. Zinalihamisha.

"Sasa nijibu," nikasema. "Linahamia wapi?"

"Hewani, bosi."

"Hewa ya nani? Hiyo hewa anaivuta dada yangu."

Kapteni akacheka, akasema dada anunue feni. Muuzaji akaona amepata mwenzake. Akasema kwanza kadi naweza kuibana isile umeme wote, jambo ambalo ni kweli, ila najijua, siku ya mechi ningeifungulia mpaka mwisho. Kisha akaongeza la pili.

"Au dada ahamie hata nje. Cherehani si unashonea popote?"

Nilimuuliza kama na yeye anauzia popote. Kama ni hivyo, atoe kaunta yake aiweke juani, awapigie wateja bei huku shati limemganda mgongoni, kiyoyozi aiachie kadi yake isiyochemka. Sauti yangu ilikuwa imepanda, watu wakaacha kutazama spika wakatutazama sisi. Mtu anavaa tai na kukuuzia baridi, kumbe anayeilipia ni mwanamke aliyeinama juu ya sindano ambaye hata dukani hakuja.

Kapteni alinivuta kando. Safari hii hakuwa anacheka.

"Ukichukua hiyo ndogo, Wakili, kwenye mashindano utakaa benchi. Skrini yako ikikwama katikati ya pambano, tunakufa wote."

Hakuwa ananitisha. Kadi ndogo ilikula nusu ya umeme ule, lakini muuzaji alipoichomeka nayo, niliiona ikihema palepale ambapo kubwa iliteleza. Nilisimama nikizitazama zote mbili mpaka muuzaji akaanza kukohoa. Kisha nikachukua ndogo. Akaifunga kama anayemfungia mtoto pipi, na Kapteni akaondoka bila kunisubiri.

Nyumbani nilimkuta dada kwenye korido ya kwenda bafuni, yeye na cherehani lake, wamebanwa kati ya ndoo na ukuta, taa imewashwa mchana kweupe. Satini nyingine ilikuwa chini ya sindano.

"Nimeshakupisha, mdogo wangu," akasema bila kuinua macho. "Si umenunua jitu jingine? Chumba chote chako."

Hasira niliyotoka nayo dukani ikapata pa kutua.

"Nani kakwambia uhame?"

"Aniambie nani? Nakujua."

Neno hilo liliniuma kuliko yote ya muuzaji. Nikaiweka kadi juu ya ndoo, nikalikumbatia cherehani na meza yake na chuma chake chote, nikaanza kurudi nalo chumbani kinyumenyume, nikigonga kuta. Dada akanifuata mbio ameshika satini kwa mikono miwili, maana uzi ulikuwa bado haujakatwa, akiniomba nisimame kidogo, angalau aukate. Sikusimama.